Damu Ikivuja Ndani, Nasi Twampa Dawa za Vidonda

Mjomba wangu hakutapika damu. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu wengi wetu hapa Changamwe, nami nikiwa mmoja wao, tuliamini kwamba mtu anayevuja damu tumboni lazima aitapike, au aione chooni ikiwa nyekundu. Mjomba alianguka alfajiri moja nyumbani kwake Chaani, akitawadha. Mkaza mjomba alimkuta kaketi sakafuni, ameegemea ukuta, jasho linamtiririka na midomo imempauka. Tumbo lilimshika ghafla, alivyosema, kama mtu aliyechomwa kisu. Hapakuwa na tone la damu popote, si kwenye nguo, si sakafuni. Kufikia adhuhuri tuliambiwa kwamba karibu lita moja na nusu ya damu yake ilikuwa imemwagika ndani ya tumbo.

Mtu mzima ana damu kama lita 5 tu mwilini. Piga hesabu mwenyewe.

Chanzo hakikuwa kidonda. Kilikuwa ni uvimbe uliomea kwenye ukuta wa mfuko wa chakula, ukakua kuelekea nje, kisha ukapasuka. Jambo hili ni nadra, na madaktari wenyewe walitwambia hivyo. Lakini yaliyomchelewesha mjomba si nadra hata kidogo. Yako katika kila nyumba ya mtaa huu. Ndiyo maana nilimwomba ruhusa niandike, naye akanipa kwa sharti moja, nisimtaje jina. Wakati akiwa wadini nilimuuliza maswali mengi daktari wa upasuaji na mtaalamu aliyempiga picha. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Miezi minane ya vidonge

Mjomba ni kuli mstaafu wa bandari ya Kilindini, miaka 64. Mtu aliyebeba magunia maisha yake yote hakubali upesi kwamba amechoka. Kwanza tuliona hamalizi sahani ya wali. Akila kidogo, ashiba. Kisha akawa anatoka stejini kwenda nyumbani, mwendo wa dakika kumi, na njiani anasimama mara mbili kuvuta pumzi. Alikuwa pia na kiungulia.

Alikwenda kliniki moja ya mtaani, ambayo siitaji, akaambiwa ana vidonda vya tumbo. Akapewa omeprazoli. Akapata nafuu wiki mbili, kisha hali ikarudi, naye akarudi kliniki. Mara ya tatu alipimwa kiwango cha damu, ikawa 7.8. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mwanamume mzima aliye chini ya 13 huhesabiwa kuwa amepungukiwa damu. Akapewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa ale mchicha na maini.

Hapo ndipo tulipopotea njia. Mwanamume wa miaka 64 haendi mwezini wala hajifungui. Damu yake ikipungua kiasi hicho, swali la kwanza ni moja: inakwenda wapi? Kliniki haikuuliza, na sisi hatukuuliza. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimnunulia vidonge hivyo kwenye kemisti, pamoja na vile vya diklofenaki vya maumivu ya magoti. Baadaye nikaelezwa kwamba diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua tumbo na kurahisisha kuvuja kwa damu. Nilidhani namsaidia.

Kosa jingine ni la aibu zetu. Choo cha mjomba kilikuwa cheusi kwa muda mrefu. Vidonge vya kuongeza damu vina madini ya chuma, na madini hayo hugeuza choo kuwa cheusi au kijani iliyokolea, kwa hiyo yeye alidhani ni dawa inafanya kazi. Lakini tofauti ipo, na inafaa kila mtu aijue. Choo cheusi cha vidonge ni choo cha kawaida kilichobadilika rangi. Choo chenye damu iliyotoka juu tumboni hunata na kung'aa kama lami mbichi, tena kina uvundo ambao ukishausikia hutausahau. Mjomba aliyaona hayo yote. Ila mzee wa Kiswahili ataanzaje kumweleza mpwawe habari ya choo chake? Hata mkewe hakumwambia. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Uvimbe wa aina gani?

Mfuko wa chakula una ukuta wenye tabaka. Ndani kabisa kuna utando laini unaotoa asidi. Chini yake kuna misuli inayosaga chakula. Nje kuna utando mwembamba unaoufunika wote.

Saratani ya tumbo tuliyozoea kuisikia huanzia kwenye ule utando wa ndani. Ikivuja damu, kwa kawaida huvuja polepole kuelekea ndani ya mfuko. Bakteria anayeitwa H. pylori, yule yule anayeleta vidonda vingi vya tumbo, ni mmoja wa wanaoisababisha. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilimweka katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994.

Uvimbe wa mjomba ulianzia chini zaidi, kwenye misuli. Madaktari huuita kwa kifupi GIST. Unahusiana na seli zinazoongoza mwendo wa tumbo na matumbo, ambazo zilipewa jina la Cajal, mwanasayansi wa Uhispania. Katika nchi zinazoweka hesabu nzuri za wagonjwa, hugunduliwa watu kama 10 hadi 15 kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Zaidi ya nusu ya uvimbe huo huwa kwenye mfuko wa chakula, na wengi wa wagonjwa ni watu wa makamo kwenda juu. Mwingine ni mdogo na haumsumbui mtu maisha yake yote. Mwingine hukua hadi kufikia ukubwa wa dafu kabla haujasema neno.

Ukisema, mara nyingi husema kwa damu.

Damu ina njia tatu

Njia ya kwanza ni kuingia ndani ya mfuko wa chakula. Uvimbe hukua, utando ulioufunika hunyooka na kukatika, pakawa na kidonda juu yake. Damu ikikutana na asidi hubadilika. Mtu akiitapika hufanana na mashapo ya kahawa, yale yanayobaki chini ya dele. Ikishuka chini hutoka ile lami niliyoieleza. Mililita 50 hadi 100 zatosha kukifanya choo kiwe cheusi hivyo, kiasi cha kikombe kimoja au viwili vya kahawa ya barazani. Hii si habari mpya duniani. Napoleon Bonaparte alipofariki kisiwani St Helena mwaka 1821, madaktari waliompasua walikuta kidonda kikubwa katika tumbo lake na ndani yake maji meusi kama mashapo ya kahawa.

Njia ya pili ni damu kumwagika ndani ya uvimbe wenyewe. Uvimbe ukikua haraka kuliko mishipa inayoulisha, nyama ya katikati hufa, pakawa na shimo, na damu ikaingia humo. Mgonjwa husikia maumivu makali yasiyoeleweka, wala haoni damu.

Njia ya tatu ndiyo nadra na ndiyo ya hatari. Uvimbe uliokua kuelekea nje hupasuka ganda lake, na damu humwagika katika uwazi uliomo kati ya matumbo. Uwazi huo hauna mlango. Damu haiwezi kutapikwa wala kutoka chooni. Inajikusanya tu, huku moyo ukienda mbio kufidia iliyopotea. Mtu hupauka, hutoka jasho la baridi, huona kizunguzungu akisimama, na tumbo hujaa na kukaza. Wengine huumwa na bega bila kuangukia bega, kwa sababu damu ikifika chini ya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, mishipa ya fahamu hupeleka maumivu begani. Mjomba alilalamika bega la kushoto asubuhi ile ndani ya tuktuk. Tulimwambia labda amelilalia vibaya.

Yeye alipitia njia mbili. Kwa miezi damu ilivuja kidogo kidogo kuelekea ndani, ikamshusha hadi 7.8. Kisha alfajiri ile ikafunguka kuelekea nje.

Jicho la kwanza: altrasaundi

Hospitalini tulimkuta tabibu kijana. Mkaza mjomba akamwonyesha mfuko wa dawa na kumwambia, "Mwanangu, baba ana vidonda." Yule kijana akampima presha, akaikuta chini sana, akamshika tumbo, akasema kwa upole, "Mama, vidonda huenda anavyo, lakini vidonda peke yake sidhani vyamfanya hivi." Akamtundikia maji, akaagiza damu, na akaivuta mashine ya altrasaundi mpaka kitandani.

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia. Mawimbi yakigonga nyama hurudi na kuchora picha ya kijivu. Yakipita kwenye maji hayarudi, kwa hiyo maji huonekana meusi. Mahali pa kwanza walipotazama ni kati ya ini na figo la kulia, kwa sababu mtu akilala chali, kioevu kilichomwagika tumboni hupenda kujikusanya hapo. Mtu mzima wa afya haonekani na kitu pale. Mjomba alikuwa na utepe mweusi mpana. Shughuli hiyo haikumaliza dakika tano, wala hakuhamishwa kitandani.

Lakini altrasaundi ina mipaka yake. Hueleza kwamba kioevu kipo. Haielezi kila mara ni kioevu gani wala kimetoka wapi. Yaweza kuwa maji ya ugonjwa wa ini au kifua kikuu cha tumbo. Kwa hiyo walichoma sindano nyembamba, ikatoka damu. Tena mawimbi hayapenyi hewa, na mfuko wa chakula ni chombo cha hewa, kwa hiyo uvimbe uliojificha nyuma yake unaweza usionekane.

Na hata damu ikishajulikana, mfuko wa chakula si wa kwanza kushukiwa. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, wa kwanza ni mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na ni haki iwe hivyo, maana hiyo huua haraka na hutokea mara nyingi zaidi. Kwa mwanamume wataulizia ajali, kisha wengu, kisha ini lenye uvimbe. Tumbo huja mwisho wa foleni. Ndipo inapohitajika picha inayoona zaidi.

Jicho la pili: siti skani

Maji na damu aliyoongezewa vilipoituliza presha, walimpeleka siti skani. Hili la kutulia ni muhimu. Mgonjwa ambaye presha yake inaporomoka licha ya damu anayopewa hapelekwi kwenye mashine. Anapelekwa chumba cha upasuaji. Jamaa wasikasirike wakiona picha imerukwa. Wakati mwingine kisu ndicho kipimo.

Siti skani ni eksirei inayomzunguka mgonjwa huku kompyuta ikizikusanya picha na kumkata vipande vipande kwenye kioo, kama mkate. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeiunda, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Hesabu zake zilikuwa zimeshashughulikiwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeanza kuliwazia jambo hilo akifanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, miaka ya 1950. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mashine hiyo haichori tu, inapima. Kila nukta ya picha ina namba yake ya uzito, kwa kipimo kilichopewa jina la Hounsfield. Hewa ni chini ya sufuri kwa 1,000. Maji safi ni 0. Maji ya kawaida yanayojaa tumboni kwa ugonjwa wa ini huwa kati ya 0 na 20. Damu mbichi isiyoganda huwa kama 30 hadi 45. Damu iliyoganda hupanda, 45 hadi 70. Kwa hiyo mtaalamu akiweka kishale chake juu ya kile kioevu, anajua kama ni maji au damu bila kuchoma sindano.

Kisha kuna siri nyingine. Damu huganda karibu na pale ilipotoka. Ile iliyosafiri mbali hubaki nyepesi. Basi mtaalamu hutafuta bonge lenye namba kubwa kuliko mengine yote, na bonge hilo humwelekeza kwenye chanzo, kama vile ungefuata matone ya mafuta barabarani hadi kwenye lori linalovuja. Kwa mjomba, bonge zito zaidi halikuwa kwenye ini wala kwenye wengu. Lilikuwa limekumbatia uvimbe wa sentimita 9 ulioning'inia kwenye ukuta wa mfuko wa chakula.

Mwisho ni dawa ya rangi. Mgonjwa hupigwa picha kwanza bila kitu. Kisha huchomwa dawa ya rangi kwenye mshipa wa mkono, akahisi joto mwili mzima, na hupigwa tena mara mbili: dawa ikiwa kwenye mishipa inayotoka moyoni, na sekunde chache baadaye ikiwa imeenea. Kama kuna mahali panapovuja wakati huo huo, dawa hutoka nje ya mshipa na kuonekana kama doa jeupe, na katika picha ya pili doa hilo huwa limepanuka. Mjomba alionekana na doa kama hilo, dogo, pembeni mwa uvimbe. Maana yake damu ilikuwa bado inatoka.

Ukipelekwa kwenye picha hii, mweleze mtaalamu mambo manne: kama una ugonjwa wa figo, kama dawa ya rangi iliwahi kukudhuru, kama unatumia metformini ya kisukari, na kama una mimba au unashuku kuwa nayo. Na usishangae ukikatazwa kunywa ile dawa nyeupe ambayo wengine hupewa kabla ya picha ya tumbo. Panapotafutwa damu, dawa hiyo ingelificha lile doa.

Mbona hakuingizwa kamera?

Swali hili tuliulizwa na kila mtu aliyekuja kumtazama. Kamera ya kupitia mdomoni, yaani endoskopi, ndiyo kipimo kikuu kwa mtu anayetapika damu au anayepata choo cha lami. Huona kidonda, huweza kukizuia kisivuje, na hukata kipande cha nyama kwa uchunguzi. Kama mjomba angepata endoskopi katika miezi ile minane, kuna uwezekano mkubwa lingeonekana jambo.

Lakini kamera huona ndani ya mfuko tu, kama mtu aliye chumbani asiyeona kilichoegemezwa ukutani kwa nje. Uvimbe ulioanzia kwenye misuli waweza kuonekana kama kinundu laini tu, na kipande kilichokatwa juu yake kikarudi na majibu mazuri kwa sababu ni utando mzima uliokatwa, uvimbe uko chini. Kwa hiyo mtu akiambiwa kamera iko sawa na bado damu inapungua, uchunguzi haujaisha.

Kilichofuata

Walimpasua mchana ule ule. Walikata uvimbe pamoja na kipande cha ukuta wa tumbo, wakasafisha damu. Aliongezewa chupa nne, na vijana wa Chaani walijitokeza kutoa damu ya kurudisha. Kituo cha damu cha kanda kipo hapa Mombasa, na hakiwezi kumpa mtu damu ambayo hakuna aliyeitoa. Ukiweza, nenda ukatoe kabla hujawa na mgonjwa.

Majibu ya maabara yalithibitisha ni GIST. Na hapa kuna habari njema. Mwaka 1998 watafiti wa Japani waligundua hitilafu ya jeni iitwayo KIT inayouendesha uvimbe huu. Kidonge cha imatinibu, kilichotoka kwanza kwa jina la Glivec, huizima hitilafu hiyo, na Marekani ilikiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2002. Kabla ya hapo, uvimbe huu ukishaenea haukuwa na dawa ya maana.

Lakini kuna la kusikitisha pia, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Uvimbe uliokatwa ukiwa mzima una nafasi nzuri ya kutorudi. Ukipasuka wenyewe tumboni, seli zake humwagika pamoja na damu, na nafasi ya kurudi hupanda sana. Kwa sababu ulipasuka, mjomba anatakiwa kumeza kidonge kila siku kwa angalau miaka 3, na kupigwa siti skani kila baada ya miezi kadhaa. Kama tungeuliza ile damu inakwenda wapi miezi minane nyuma, huenda angefanyiwa upasuaji uliopangwa, akarudi nyumbani, hadithi ikaishia hapo.

Tufanye nini sisi

Sisemi kila kiungulia ni uvimbe. Wengi wenye maumivu ya tumbo hapa mtaani wana vidonda kweli, au gesi, au wamekula pilipili nyingi. Nasema kuna alama ambazo zikionekana, kidonge cha kemisti hakitoshi.

Usingoje kesho ukiona choo cha lami, matapishi kama mashapo ya kahawa, maumivu ya tumbo ya ghafla pamoja na kizunguzungu au kuzirai, au tumbo lililokaza kwa mtu aliyepauka. Huyo apelekwe hospitali yenye daktari na chumba cha upasuaji saa hiyo hiyo. Asipewe chakula wala dawa ya maumivu njiani. Sisi wa Changamwe tuna hospitali ya Port Reitz karibu, na Coast General iko ng'ambo ya Makupa. Na kumbukeni Katiba ya 2010, Kifungu cha 43: mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Msikubali mgonjwa aachwe benchi mkitafuta pesa.

Muone daktari wiki hii, si mwezi ujao, ukiwa na damu inayopungua bila sababu, unapungua uzito, unashiba kwa matonge mawili, au dawa za vidonda zimekushinda mara mbili. Ukifika, uliza kwa adabu lakini uliza: damu yangu inakwenda wapi? Je, nahitaji kamera? Kamera ikiwa safi, je, nahitaji picha? Na mtaje kila dawa unayomeza, hata ya magoti, hata ya mitishamba.

La mwisho ni bima. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Wasajili wazee wako wakiwa wazima. Sisi tulikuwa tukijaza namba za kitambulisho kwenye simu huku mgonjwa yuko kitandani, na sikuombei ufanye hivyo.

Mashine zipo Mombasa, na zina macho makali kuliko nilivyodhani. Lakini mashine haimwiti mtu kutoka nyumbani. Lazima kwanza mgonjwa aseme, na anayemsikiliza ashuku. Kwa mjomba kulikosekana kusema kwa miezi minane, na kushuku kulikuja kwa dakika tano za kijana mmoja aliyekataa kuamini mfuko wa dawa.

Mjomba yuko nyumbani sasa, amekonda lakini anatembea. Jioni hukaa barazani na wenziwe kama zamani. Majuzi nilimkuta anamhoji mzee mmoja aliyekuwa akilalamika kiungulia. Alimuuliza bila haya, watu wote wakisikia: "Na choo je, ni rangi gani?" Baraza zima likacheka. Yeye hakucheka. Akamngoja ajibu.